Jibu: Usiyeyushe hiyo chumvi kabla hujaikausha!

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba uko Kisumu, unataka kuonyesha jinsi mafuta ya nyuklia yaliyotumika yanavyosafishwa kwa umeme ndani ya chumvi iliyoyeyuka, metali ya seriamu ikisimama mahali pa uraniamu. Wazo zuri. Halafu unasema "nitachanganya chumvi, nifikishe nyuzi 500, nianze", na unauliza tanuri gani, chombo gani, elektrodi gani. Tanuri! Mtu anaingia mtoni na viatu vyake anauliza rangi ya soksi.

Kwa gramu 200 za chumvi hiyo unahitaji takriban 88 za kloridi ya lithiamu na 112 za kloridi ya potasiamu. Mchanganyiko huo huyeyuka karibu na nyuzi 355. Shida ni lithiamu. Hewa ya ziwa wakati wa masika hugandisha hata chumvi ya mezani mpaka tunatia punje za mchele kichupani. Kloridi ya lithiamu ukiiacha wazi inakuwa uji. Ikishika molekuli moja ya maji, karibu asilimia 30 ya uzito unaopima ni maji. Kwa hiyo hata vipimo vyako ni uongo kabla hujawasha moto.

Ukiipasha moto haraka ikiwa mbichi, maji hayaondoki yote kwa amani. Sehemu yake humenyuka na kloridi: gesi ya asidi ya kloridi inapaa na kula chuma cha tanuri, huku haidroksaidi ikibaki ndani ya chumvi. Hiyo haitoki tena kwa joto. Ukitia kloridi ya seriamu, inashikwa na oksijeni, inakuwa oksikloridi, inazama chini kama tope. Unabaki kutafuta seriamu kwenye grafu ya mkondo wa umeme na seriamu imelala sakafuni.

Aliyeniuzia mimi aliapa "ni kavu, imefungwa kiwandani". Ilifungwa, ndiyo, kabla yeye hajaifungua kupimia wateja wengine kwa kijiko. Na karatasi ya maelekezo ilisema saa mbili za ovena zinatosha. Saa mbili! Omena wa ufuo wa Dunga hupewa muda zaidi wa kukauka.

Fanya hivi. Tandaza chumvi unene usizidi sentimita mbili, iunganishe na pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa), katikati weka mtego wa baridi, yaani chupa iliyopozwa ya kunasa mvuke, la sivyo mvuke na asidi vitaharibu mafuta ya pampu. Acha usiku mzima bila joto. Kisha panda polepole: 80, 120, 160, 200, saa kadhaa kila ngazi, na usiruke ngazi kwa sababu geji imetulia mapema. Jumla ni siku mbili. Maliza kwa 300 ukiwa bado na vakyumu, ndipo uingize agoni kavu, gesi isiyomenyuka, na uyeyushe. Yote chini ya kabati la kufyonza mvuke. Kule Idaho, Marekani, mafuta ya kinu cha nyuklia cha majaribio kiitwacho EBR-II yalishughulikiwa katika chumba kilichojaa agoni, na haikuwa kwa mapambo.

Kloridi ya seriamu nayo: yenye molekuli saba za maji ina theluthi nzima ya maji. Nunua isiyo na maji, ama uikaushe ikiwa imechanganywa na kloridi ya amoniamu kwa wingi.

Kipimo cha maskini: poza kipande cha chumvi tupu, isiyotiwa seriamu bado, kiyeyushe katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, dondosha fenolfthalini. Ikigeuka waridi, haidroksaidi imo, rudi mwanzo. Chupa ya fenolfthalini hupatikana maabara nyingi za sekondari, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Tanuri? Yoyote inayoshika nyuzi 600 bila kuyumba. Chombo ni cha alumina, kauri ya oksidi ya alumini. Weka hapa picha ya yale maji ya fenolfthalini kabla hujaniuliza kingine.