Mfawidhi mpya hospitali ya mjini: anzia fomu za bima na stoo

Mkuu, umeuliza mganga mfawidhi (msimamizi mkuu) mpya wa hospitali ya wilaya mjini aanzie wapi, maana wagonjwa wamefurika, dawa hazikai na wauguzi wananung'unika. Habari ya rangi na vigae iwekwe kando kwanza. Aanze na fomu za bima.

Madai ya malipo mnayopeleka bima hukatwa kwa vitu vidogo: mgonjwa hakusaini, namba ya uidhinisho (kibali cha bima) haikuchukuliwa, tarehe za kulazwa hazilingani na faili la wodi, au ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa iliyotolewa. Daktari kaandika malaria, kaongeza seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, bila kueleza kilichomfanya aitoe. Hiyo huenda ikakatwa. Kosa kama hilo linarekebishika mgonjwa akiwa bado dirishani. Likigundulika tarehe 30, mgonjwa yuko kwake Mbagala na daktari yuko likizo. Kwa hiyo fomu zikaguliwe kila siku, na kwenye meza hiyo akae tabibu pamoja na karani, kwa kuwa karani peke yake hawezi kuona kosa la tiba. Faili la aliyeruhusiwa litoke wodini ndani ya saa 24. Mwisho wa mwezi bandikeni kiasi kilichokatwa kwa kila idara (majina ya watu msiweke, mtaanzisha vita).

Sasa stoo. Kosa kubwa ni kuagiza kwa kuangalia kilichotoka mwezi uliopita bila kuhesabu siku ambazo dawa haikuwepo. Chukua amoksilini: zimetoka kapsuli 6,000, lakini ilikuwepo siku 20 tu. Gawanya 6,000 kwa 20, zidisha kwa 30, unapata 9,000. Hayo ndiyo mahitaji ya mwezi. Ukiagiza 6,000 umeshajipangia upungufu, halafu lawama zote anabebeshwa MSD (Bohari ya Dawa ya serikali). Kila Ijumaa hesabuni dawa kumi zinazotoka sana au za bei kubwa, mlinganishe na kadi ya stoo, na mtunza stoo asijue mapema ni zipi. Wodi nazo zisipewe boksi zima "la akiba". Boksi likishavuka mlango bila jina la mgonjwa, ndiyo mmeagana nalo.

Manung'uniko ya wauguzi mara nyingi ni hesabu tu. Wiki ina saa 168, mtu mmoja anafanya 40, kwa hiyo kuwa na muuguzi mmoja zamuni usiku na mchana kunadai watu 4.2. Ongeza likizo, uzazi na semina, wanafika watano. Mkiwa na watatu, hakuna ratiba ya zamu itakayowaridhisha, hata matroni akeshe anaipanga. Ni heri kufunga vitanda vichache kwa muda.

Misamaha ya malipo kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza iandikwe kwa thamani yake ya fedha, hata kama hakuna anayelipa. Bila hivyo mapato yataonekana yameshuka na mhasibu ataulizwa yamekwenda wapi.

Kikao cha asubuhi kiwe dakika 15, watu wamesimama: vitanda vilivyo wazi, dawa zilizoisha, mitungi ya oksijeni iliyojaa, walioshindwa kuja zamu. Mengine yote apelekewe katibu wa afya ofisini kwake.