Vidonge vya mahindi, umande wa tumbaku na krimu isiyo na jina

Tumeweka mahindi chumbani tunakolala na watoto, na ndani ya magunia kuna vidonge vya wadudu. Usiku nasikia harufu kama ya kitunguu saumu. Nitapimaje kama kuna hatari? (Mama, Nzega)

Mama, usihangaike kupima. Watoe watoto sasa hivi, acheni milango wazi, na leo mtu asilale humo wala chumba cha pili. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi, nayo hupenya nyufa za ukuta. Haina dawa ya kuivunja nguvu ikishaingia mwilini. Pua nayo haitoshi, kwani gesi inaweza kudhuru hata usiposikia harufu.

Niliwahi kuingia nyumba moja nikakuta vidonge vimefungwa kwenye kipande cha kanga, kimechomekwa katikati ya magunia, na mkeka wa mtoto uko hatua mbili kando. Roho iliniuma sana. Kama na kwako viko hivyo, usivimwagie maji, maana gesi itazidi. Mwite bwana shamba aje avitoe. Anayetapika, kubanwa kifua au kuishiwa nguvu apelekwe hospitali mara moja, na mtaje vidonge.

Msimu ujao kausheni mahindi vizuri, muyatie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu humo hufa kwa kukosa hewa, na hamhitaji sumu yoyote.

Kijana wangu wa miaka 14 akitoka kuchuma tumbaku asubuhi hutapika na kuumwa kichwa. Ni dawa tunazopulizia? (Baba, Urambo)

Huenda, lakini hata jani lenyewe linatosha. Nikotini, sumu iliyo ndani ya jani la tumbaku, huyeyuka kwenye umande ikapita ngozini. Tazama viganja vyake: ule utomvu mweusi unaonata hadi usugue kwa sabuni mara mbili umetoka kwenye jani hilo. Nakuomba, baba, kijana huyo asichume kabisa. Ninyi wakubwa subirini umande ukauke, vaeni mikono mirefu na glovu, badilisheni nguo zikilowa, na nguo za shamba zifuliwe peke yake. Hospitali kubwa huweza kupima kotinini kwenye mkojo kujua nikotini iliyoingia, na kimeng'enya cha kolinesterasi kwenye damu, ambacho baadhi ya viuatilifu hukipunguza nguvu. Nenda naye siku ileile anapoumwa, na ubebe lebo ya dawa mliyopulizia. Dumu la dawa lisigeuzwe la maji hata likisuuzwa mara tatu, litoboeni.

Natumia krimu ya kung'arisha uso, kopo halina orodha ya viungo. Nipime damu? (Dada, Ng'ambo, Tabora mjini)

Acha kuipaka leo, dada yangu, kabla ya kipimo chochote. Hofu yangu ni zebaki, inayoharibu figo. Kwa zebaki ya krimu, mkojo hueleza zaidi kuliko damu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo tangu 2020, na tangu 2025 vyote vilivyotiwa zebaki, lakini kopo lisilo na maandishi halikwambii lolote. Nenda nalo kwa daktari. Fua mashuka na taulo, na kama unanyonyesha mwambie, kwa sababu mtoto naye huipata.

Mtoto akinywa mafuta ya taa nimpe maziwa atapike? (Bibi, Ujiji)

Hapana, bibi. Akitapika yataingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na mafuta yasikae tena kwenye chupa ya soda.