Kabla Hujaing'oa Desmodiamu Yako, Ipalilie

Jumapili nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Rorya. Kapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaofunika ardhi na kuzuia gugu la kiduha, katikati ya mistari ya mahindi, hii ni wiki ya tano na anaona nyasi tu. Anauliza kama katapeliwa. Pole, dada. Mimi nimeshapita hapo.

Kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mizizi ya nafaka, kilinikuta Tarime, kwenye ekari moja niliyoachiwa na baba. Mahindi yalifika magotini yakadumaa, kisha maua ya zambarau yakachomoza kando ya mashina. Niling'oa mpaka vidole vikachubuka, kumbe kiduha huanza kunyonya mizizi kabla hakijatokeza juu ya ardhi. Nikabadili, nikapanda mtama. Mtama nao kinaushambulia vilevile! Miaka miwili nikazungusha nafaka kwa nafaka, huku mbegu zake ndogo kama vumbi zikijilundika udongoni, na humo zinaweza kukaa hai zaidi ya miaka 10.

Ndipo nikapanda desmodiamu, na msimu wa kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilidhani mmea wa kufunika ardhi unajipigania tangu siku ya kwanza. Mche wake ni mdogo, unakua polepole. Nyasi na ndago zikaumeza. Shemeji alipita na wageni akasema mbele yao kwamba ninalima magugu. Neno lile bado linaniuma.

Msimu uliofuata nilichanganya mbegu na mchanga mkavu laini, nikapiga mistari kwa kamba katikati ya mahindi yaliyoachana sentimita 75, ili nijue mche uko wapi. Nikapalilia wiki ya tatu na ya sita. Sasa ni msimu wa nne na ardhi haionekani. Mizizi ya desmodiamu inaziamsha mbegu za kiduha kisha inazizuia zisishike mahindi, zinakufa. Nimevuna magunia 12 pale nilipokuwa napata 3, na ng'ombe anakula majani yake.

Ndugu zangu, tuache kusubiri mmea utulimie. Msimu wa kwanza palilia. Desmodiamu ikishafunika ardhi kama zulia, kazi ni kuifyeka kabla ya kupanda nafaka, isije ikatambaa juu ya mahindi machanga.

Dada wa Rorya, kesho asubuhi ingia shambani, ng'oa kwa mkono kando ya kila mstari. Ukiona mche wenye jani la vipande vitatu, lina vinyweleo na linanata kwenye nguo, huo uache, ndiyo desmodiamu.