Kabla ya kwenda Mara, maliza Dunga kwanza

Kila nikiweka picha ya ndege, hakosi mtu wa kuuliza: hiyo ni Mara ama ni Nakuru? Nikijibu kwamba ni Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria, mwendo mfupi tu wa boda kutoka katikati ya Kisumu, wengine hudhani nawaficha. Mara nimeenda mara moja. Nilirudi na picha ya simba aliyelala, amezungukwa na magari kumi na moja, na ukiiweka kando ya ile aliyopiga dereva wetu kwa simu yake huwezi kujua ipi ni ya nani. Picha ninazojivunia zote nimezipata karibu na nyumbani, tena nyingi mahali palepale pamoja.

Mfano ninaoupenda ni mdiria, yule mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu kama kisu cha kupasulia samaki aina ya mbuta. Ukimkazia macho utamjua dume kwa mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, tena umekatika katikati. Pale ufukweni wamejaa. Huyu ndege ana zawadi kubwa kwa mpiga picha: kabla ya kuwinda husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi, kichwa kimetulia kabisa, kisha anajitupa chini kama jiwe. Kwa zile sekunde chache anazosimama, hata mwanafunzi anaweza kumpata.

Mimi sikumpata. Kwa karibu miezi miwili nilikuwa naenda jioni nikitoka kazini, na kila nikifika nyumbani nakuta migongo na mikia. Kama si mgongo, ni kivuli cheusi mbele ya anga linalong'aa. Nikailaumu kamera, nikaanza kuuliza bei ya lenzi kubwa. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando ya mashua akishona nyavu. Hajawahi kushika kamera, ila alikuwa amenitazama siku nyingi. Akaniambia, "Kijana, wewe unakuja saa ya upepo mbaya."

Nikamuuliza, "Upepo unahusianaje na picha, jaduong'?"

Akacheka. Kisha akanieleza jambo ambalo kila mvuvi wa tanga analijua: alfajiri na asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ndio unaosukuma mashua kutoka, mchana ukishapata joto unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, ndio unaowarudisha nyumbani. Na mdiria, ili asimame hewani, lazima aukabili upepo, kama tiara ya mtoto.

Sasa jiulize umesimama wapi. Uko ufukweni, ziwa liko mbele yako upande wa magharibi. Asubuhi upepo unatoka nyuma yako, kwa hiyo ndege anageuza uso kukuelekea wewe. Jua nalo linachomoza nyuma yako, linammulika yeye hadi kwenye jicho. Jioni kila kitu kinapinduka: upepo watoka ziwani, ndege anakupa mgongo, jua linakuchoma macho. Sikuhitaji lenzi mpya. Nilihitaji kuamka.

Siku hizi nafika kabla ya saa moja asubuhi. Nachagua nguzo moja iliyosimama majini, ile yenye madoa meupe ya kinyesi juu yake, maana hiyo ndiyo meza yake: akishika samaki anarudi palepale kumpigapiga kabla ya kumeza. Naketi chini, sisimami. Kwa dakika kumi au kumi na tano za kwanza sipigi chochote, namwacha anizoee. Akisimama hewani naweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, kuwa 1/2000 ya sekunde na kupiga mfululizo. Kama una simu tu, achana na ndege anayeruka. Subiri arudi kwenye nguzo, na usivute picha kupita uwezo wa lenzi yenyewe, kwa sababu zaidi ya hapo simu inakuza tu ilichokwisha kukiona, picha inakuwa uji. Sogea wewe, taratibu, au mwache awe mdogo ndani ya picha pamoja na mashua na ukungu nyuma yake. Mara nyingi hiyo ndiyo picha nzuri zaidi.

Na tafadhali, usirushe jiwe ili ndege aruke. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo.

Marabu, wale ndege wakubwa wa mjini, nitawapitia haraka, ingawa wanastahili heshima kuliko tunavyowapa. Watu wa Kisumu tumewazoea juu ya miti na nguzo za taa hadi hatuwaoni tena, na tukiwaona tunasema sura mbaya, jaa la taka linatembea. Basi mpige hivyo hivyo, akiwa na sura yake. Ule weupe wa miguuni si rangi yake. Miguu ni myeusi, anajinyea makusudi ili apoe kwenye joto. Saa nne hivi, lami ikishaanza kuchemka, wanapanda na hewa ya moto wakizunguka bila kupiga bawa hata moja. Elekeza kamera juu wakati huo, kukiwa na wingu jeupe nyuma yao.

Sasa anga. Ikweta inapita pale Maseno, kwa hiyo kwetu jua halizami kwa kuzungukazunguka, linaanguka wima. Likishagusa upeo una dakika mbili na kidogo, limekwisha. Februari linazama karibu saa moja kamili, mwanzoni mwa Novemba ni saa kumi na mbili na nusu hivi, na nusu saa hiyo imeshanikosesha picha zaidi ya moja. Wengi wakiona jua limezama wanafunga begi na kwenda kula samaki. Kaa. Dakika ishirini zinazofuata, anga linapogeuka samawati na taa za mashua kuanza kuwaka, ni bora kuliko lile jua jekundu ambalo kila mtu analo kwenye simu yake.

Tena geuka nyuma. Alasiri za mvua mawingu hujikusanya upande wa milima ya Nandi na kuteremka kuja mjini jioni. Ukiwa umesimama ukitazama magharibi pamoja na umati wote, nyuma yako kuna ukuta wa wingu jeusi unaomulikwa na jua la mwisho, mara nyingi na upinde wa mvua juu ya mabati. Umati haujui. Radi ikianza, ondoka ufukweni na mahali pa wazi; ziwa hili si la kujaribiwa. Mimi hupiga radi kutoka dirishani, taa zimezimwa, simu imeegemezwa kwenye debe la unga, lenzi imeachwa ipokee mwanga kwa sekunde 8 au 10. Kati ya picha arobaini napata mbili, na hizo mbili zinanitosha mwezi mzima.

Mwezi wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye picha unatoka kama taa ya kandili iliyojaa mwanga kwa sababu simu inaona giza lote la pembeni na kuongeza mwanga. Gusa mwezi kwenye skrini, kisha buruta kidole chini hadi madoa yake yaonekane. Ule mwembamba, wa siku ya pili au ya tatu, kwetu mara nyingi hulala chali kama mtumbwi. Siku zile zile za mwezi mwandamo ndipo pia wadudu wa ziwani huibuka kwa mamilioni, wakisimama juu ya maji kama moshi wa mkaa. Funga mdomo, funika lenzi unapobadilisha, piga kutoka mbali.

Kuhusu lenzi: niliwahi kununua moja ya mtumba bila kuimulika kwa tochi. Ndani ilikuwa na utando wa kuvu kama wa buibui, na muuzaji hakupokea simu yangu tena. Unyevu wa kando ya ziwa hauna huruma. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu usivitupe, viweke kwenye begi la kamera.

Mjini kosa langu lilikuwa jingine. Nilikuwa sokoni Kibuye, Jumapili, nikaona mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, ameketi nyuma ya kilima chake cha fedha, mwanga unampata shavuni kupitia tundu la turubai. Nikapiga bila kusema neno. Akasikia mlio wa kamera.

"Wewe kijana, unanipiga picha unaenda kuniuza wapi?"

Sikuwa na jibu. Wateja wake wakageuka. Nikafungua mdomo nikaanza kueleza habari za mwanga, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi. Akaniambia nifute, nikafuta mbele yake. Kisha nikanunua gorogoro nzima ya omena ambayo sikuihitaji, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata nilirudi, safari hii kamera ikiwa begini. Nikamsalimu, nikanunua tena, tukaongea habari za bei na mvua. Mara ya tatu ndipo nilipomwomba. Akajifunga kitambaa upya, akawafukuza watoto waliosimama pembeni, akakaa wima kama anapigiwa picha ya kitambulisho. Niliipiga hiyo kwa ajili yake. Yangu niliipata baadaye, alipomgeukia mteja na kusahau kwamba nipo, mkono umejaa omena ukimiminika kwenye mfuko. Ndivyo ninavyofanya hadi leo na mafundi wa baiskeli, vinyozi na vijana wa boda: kwanza watu, kamera baadaye. Bandarini na karibu na ofisi za serikali uliza kabla hujatoa chochote begini, utajiokolea asubuhi nzima ya maelezo.

Picha zote mbili nilizichapisha nikampelekea. Ile ninayoipenda mimi aliitazama mara moja akaiweka chini ya mizani. Ile ya kitambulisho ameibandika kwenye nguzo ya kibanda, juu kabisa, ila anasema nimemfanya mnene, nirudi Jumapili nimpige nyingine.