"Zamani" si kitu kimoja: niliyojifunza nikibuni nguo za ufukweni

Mkusanyo wangu wa kwanza wa nguo za ufukweni ulikuwa na vipande 14, na kila kipande kilipendeza kikiwa peke yake. Siku nilipovitundika pamoja ndipo nilipoona balaa: chupi ya kiuno kirefu ya mtindo wa miaka ya 1940, pembeni yake vazi la kipande kimoja lililokatwa hadi juu ya nyonga kama yale ya miaka ya 1980, kisha kofia yenye maua ya rangi ya chungwa ya miaka ya 1970. Rafiki yangu akaniuliza kama ni nguo za akina dada watatu wasioelewana.

Kwa hiyo nakushauri uchague muongo mmoja kabla hujashika mkasi. Hata hapo usidanganywe na tarehe. Bikini aliyoionyesha mbunifu Mfaransa Louis Réard jijini Paris tarehe 5 Julai 1946 ilikuwa vipande vidogo mno, tena bila kufunika kitovu. Ukisema tu "miaka ya 1940" hujasema kitu. Tafuta picha nyingi za wakati huo, kisha amua ni mwanamke yupi kati ya hao unayemshonea.

Uzamani wenyewe umo kwenye mkato kuliko kwenye maua na madoadoa. Spandeksi, nyuzi zinazofanya kitambaa kivutike, ilibuniwa mwaka 1958 katika maabara za DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani. Kabla ya hapo mafundi walikuwa na lastiki, ndiyo, lakini umbo lilitegemea zaidi mishono: mikunjo iliyoshonwa kifuani, bitana nzito, marinda ya ubavuni, kamba ya kufungia shingoni, ukingo wa pajani uliokatwa karibu kunyooka. Mimi natumia kitambaa cha kisasa kinachovutika, lakini mishono ile naibakiza hata pale ambapo kitambaa hakiihitaji. Ukiiondoa, unapata nguo ya leo iliyochapwa ua la kale.

Kwenye machapa, chagua moja liwe mama wa mengine yote. Langu lilikuwa madoadoa meupe juu ya nyekundu. Nililitumia kubwa kwenye joho la kuvaa juu, dogo kwenye nguo ya kuogelea, na vipande vilivyobaki vikawa rangi tupu zilizotoka humohumo. Ukubwa upime mwilini, usiupime kwenye kompyuta. Nilijaribu doa la sentimita 3 kwenye sidiria, likatua mahali ambapo hakuna mbunifu angependa litue. Nililibadilisha usiku uleule.

Kilichonitesa zaidi ni rangi. Uchapaji wa joto, ule unaohamisha wino kutoka kwenye karatasi, hushika vizuri kwenye poliesta na vibaya kwenye pamba. Nguo ya kuogelea ilikuwa ya poliesta, mkoba ulikuwa wa turubai ya pamba uliochapwa kwa njia nyingine. Faili lilikuwa lilelile, lakini nyekundu moja ilitoka kama nyanya na nyingine kama tofali. Nilipoteza wiki mbili nikitafuta wa kumlaumu. Sasa nachapa vipande vya majaribio kwenye kila malighafi, navilowesha, navianika juani, ndipo naagiza. Na mara nyingi nauacha mkoba uwe rangi tupu, halafu naupiga ukingo kwa masalio ya kitambaa cha nguo ya kuogelea. Unafanana na nguo bila kuhangaika kulinganisha wino.

Masalio hayohayo ndiyo yanayonipa kilemba, mkanda na utepe wa kofia, kwa hiyo vitu hivi huvichora siku moja na nguo. Zamani niliviacha mwisho, nikanunua vilivyopatikana, na vilionekana hivyo hivyo. Miwani nayo ina umri wake: yenye ncha zilizopanda kama macho ya paka ni ya miaka ya 1950, ile mikubwa ya duara ni ya baadaye. Vifungo vya mkanda vya chuma visivyopakwa chochote viepuke, chumvi ya bahari huvila na kutu ikachafua nguo.

Mkusanyo wa pili ulibaki na vipande 9. Kofia ya maua ya chungwa, niliyoipenda kuliko vyote, ilikuwa ya kwanza kutolewa. Ninaivaa mwenyewe.