Nimesafiri peke yangu Istanbul na siku ya kwanza nimefurahi mno, je nina dhambi?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mi kijana wa Tanga, nimedunduliza miaka mitatu nikaja Istanbul siku 10, peke yangu, sina mwenyeji. Siku ya kwanza nimeacha begi hotelini nikatoka kutembea mpaka miguu ikawaka moto, nimekula simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, nimepanda feri toka Eminönü kwenda Üsküdar, shakwe wanafuata chombo watu wanawarushia vipande vya mkate, wallahi nilifurahi hadi machozi. Adhuhuri nikaikuta swala ya jamaa msikiti wa Süleymaniye, nikaingia nyuma ya imamu, zilipotimia rakaa 2 nikatoa salamu mana mi msafiri, napunguza. Usiku rafiki yangu kanitumia hadithi WhatsApp kwamba anaesafiri peke yake ni shetani, raha yote ikaniishia. Je safari yangu ni haramu, na ile furaha nitubie? Mama nilimwambia naenda na wenzangu wa kazini ili asikose usingizi.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah umefika salama. Nimecheka kidogo hapo kwa shakwe, mtu wa Tanga kaenda kushangaa ndege wa baharini Uturuki, haya.

Tuanze na hadithi ya mwenzio. Ipo, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, mpanda kipando mmoja ni shetani, wawili mashetani wawili, watatu ndo msafara. Na kwenye kitabu cha Bukhari ipo ya sahaba Ibn Umar, kwamba lau watu wangeyajua ya upweke anayoyajua Mtume (s.a.w) asingesafiri mtu usiku peke yake. Hatuzikatai. Ila mwenzio kakurushia mstari mmoja akauacha mlango mzima, mana Bukhari huyohuyo, kwenye mlango huohuo wa kusafiri peke yako, kaweka kwanza kisa cha sahaba Zubayr kwenye vita vya Khandaq, Mtume aliita watu akaitika Zubayr, akaita tena akaitika Zubayr, mara tatu, na akaenda peke yake. Ndo wanazuoni wakakaa wakazioanisha, wakasema katazo linakwenda na hofu iliyokuwepo, jangwa, usiku, wanyama, ukiugua hakuna wa kukushika na ukifa hakuna wa kukuosha wala wa kuupeleka wasia wako kwenu. Na wa madhehebu yetu ya Shafi wakaiweka kwenye karaha, yaani jambo lisilopendeza, sio haramu. Sasa wewe umepanda ndege imejaa watu, umelala hoteli yenye mtu wa mapokezi, umesali msikitini bega kwa bega, huo upweke wa kwenye hadithi uko wapi hapo? Pole yake mwenzio, nia yake nzuri lakini asitoe fatwa kwa kufowadi.

Na kama unataka mfano, yule msafiri maarufu Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325 kijana wa miaka 21, peke yake, hana msafara. Kufika Tunis watu wakatoka kuwalaki wenzao, kila mmoja anasalimiwa isipokua yeye, akalia, hadi haji mmoja akamwona akamsogelea akawa anamliwaza. Ndo huyohuyo aliyefika mwambao wetu 1331, akalala Mombasa, akaiona misikiti ya mbao, akaenda mpaka Kilwa. Baadae hata huko uliko alifika, enzi hizo mji ukiwa bado wa Wakristo, kanisa lao la Aya Sofia akaishia kuliona kwa nje tu. Mtu aliyewahi kuwa kadhi huyo, na sijasoma popote kwamba wenzake walimwita shetani.

Ama furaha, Qur'an imeitaja furaha kwa neno moja sehemu mbili na hukumu mbili. Kwenye Surat Yunus aya ya 58 tumeamrishwa tufurahi kwa fadhila na rehema za Allah. Kwenye Qasas aya ya 76 yule tajiri Qaruni anaambiwa na watu wake usifurahi, kwa vile furaha yake ilikua ya kuwatambia watu kwa hazina zake. We umejichangia kwa halali, umekula mkate, umeangalia bahari ukalia, sioni Qaruni yuko wapi kwenye hiyo feri. Usitubie kitu ambacho hukukosea, sema alhamdulillah na kesho panda tena.

Ila swala yako ya adhuhuri ina tatizo, tena mawili. Moja, msafiri akimfuata imamu anaekamilisha anakamilisha nae nne, sahaba Ibn Abbas aliulizwa hilo akasema ndo sunna, hivyo ile salamu yako ya rakaa 2 imeivunja swala. La pili, umenuia kukaa siku 10 mji mmoja, na kwetu Mashafi ukinuia siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, basi umeshakua mkaazi tangu unaingia, hakuna kupunguza hata ukisali chumbani peke yako. Hao wenyeji wako ni Mahanafi, madhehebu mengine, kwao ni siku 15, ukisikia wanasema tofauti usibabaike. Ilipe hiyo adhuhuri rakaa nne, na kama kuna nyingine ulizipunguza tangu ufike zilipe pia, usingoje urudi.

Sasa mwanangu, umeniuliza ya hadithi, ya furaha, la mama umelibandika mwishoni kama habari tu, na mimi ndo hilo limenishika kuliko yote. Shetani umemtafuta kwenye tiketi ya mtu mmoja kumbe ulimwachia upenyo barazani kwenu Tanga. Yule mama sasa hivi anaomba dua kwa majina ya wenzako ambao hawapo. Kumficha ili alale sio ruhusa ya kumdanganya, ungemwambia naenda peke yangu mama, nitakupigia asubuhi na jioni, angenung'unika siku mbili halafu angekufungia visheti.

Mpigie leo umwambie ukweli na umwombe radhi, halafu umsimulie hao shakwe. Saa za Istanbul na za Tanga ni zilezile, usije ukasema ulidhani kalala.