Anza na mvaaji, kitambaa kitafuata

Wiki hii mmeuliza kama nguo au pambo ulilolitengeneza kwa mkono wako bado ni zawadi ya maana kwa mpendwa wako, au ni ujanja wa kukwepa kutoa hela.

Nianze na hizo hela, maana ndizo zinazowachanganya wengi. Gauni la mtumba pale Karume, ukiwahi asubuhi na ukajua kupatana bei, utalipata kwa pesa ambayo mimi haininunulii kitambaa, uzi, zipu na bitana. Nguo mpya zilizojaa Kariakoo nazo ni hivyo hivyo. Na hapo sijahesabu umeme wa pasi wala usiku niliokosa usingizi. Anayeshona zawadi ili abane matumizi atavunjika moyo mapema.

Kwa hiyo ndiyo, ni zawadi ya maana, ila nina sharti: ianzie kwa mtu atakayeivaa. Wengi wetu tunaanzia kwingine. Mtu amejifunza kufuma kofia za sufu kwenye YouTube, basi ukoo mzima unavishwa kofia za sufu, Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, jasho likitiririka mpaka kisiginoni. Huyo anagawa mazoezi yake tu, na wanaopokea wanamshukuru kwa heshima.

Nina shangazi anayeuza chapati na supu asubuhi huko Temeke. Mkono mmoja una mwiko, mwingine unatafuta simu aone kama meseji ya malipo imeingia. Madera ya dukani mengi hayana mfuko, kwa hiyo simu alikuwa akiichomeka kifuani, inaloa jasho, na kila mteja akilipa anageukia ukutani kuitoa. Nilipomshonea dera la khanga nilitumia muda mwingi kwenye mifuko kuliko kwenye shingo. Wa kulia niliushusha chini ya nyonga, wenye kina cha kuimeza simu yote hata akiinama kwenye jiko. Wa kushoto ni mwembamba, una kifungo, wa noti. Mpaka leo akilisifia dera lile mbele ya watu anaingiza mikono yote miwili mifukoni. Rangi yake hajawahi kuitaja.

Khanga yenyewe ina masharti yake. Kipande kimoja kina kama sentimita 150 kwa 110, na inauzwa doti, yaani vipande viwili, hivyo doti moja inatosha mbele na nyuma ya dera la mtu wa kawaida. Ukiinunua Mtaa wa Uhuru inakuja imekakamaa kwa wanga. Usiitie mkasi siku hiyo. Iloweke, ifue peke yake uone kama inachuja rangi, ianike, ipige pasi, ndipo uikate, kwa sababu pamba hurudi ikiguswa na maji na gauni lililokaa vizuri siku ya kukabidhiwa linaweza kupanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Halafu angalia jina la khanga litaangukia wapi. Nimeona dera limeandikwa "Nani kama" tumboni, "mama" imemezwa na mshono wa ubavuni. Na kabla ya yote soma hilo jina mara mbili: ukimpelekea mama mkwe "Hasidi hana sababu", hata ungeshona kwa uzi wa dhahabu, jioni hiyo kuna kikao cha familia.

Kuna suala la kipimo, hasa kwa wanaopenda kushtukiza. Usikisie kwa macho wala kwa picha. Azima kwa siri nguo anayoipenda. Nasisitiza anayoipenda, kwa sababu kabatini kwa kila mtu kuna nguo zinazomtosha na hazivai. Itandaze mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili, una kifua. Pima bega kwa bega, urefu wa mkono, urefu wa nguo kuanzia begani. Irudishe kabla hajaitafuta. Mafundi wa mjini hapa wanafanya hivyo kila siku kwa wateja wanaoleta nguo ya mfano.

Hapo kwenye mafundi najua nitagombana na baadhi ya wasomaji. Ukinunua kitenge ukampelekea fundi cherehani, umetoa zawadi nzuri, lakini mkono ni wa fundi. Msiiite ya kwenu. Ila ukishona mwenyewe kwa cherehani, hiyo ni kazi ya mkono kamili. Wanaosema lazima iwe sindano ya mkononi hawajawahi kunyoosha mshono wa mkono wa gauni kwenye kitambaa kinachoteleza.

Kitambaa cha kuteleza chenyewe sikipendi kwa zawadi za huku kwetu. Joto la pwani linataka pamba. Muuzaji atakuambia ni pamba tupu. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe nyumbani kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kubaki tone gumu jeusi. Ukikosa pamba nzuri ya dukani, mashuka na mashati ya kiume ya mitumba ni hazina ya bitana, na vifungo vyake ni vya bure.

Kwa watoto wachanga kila mtu anakimbilia kofia na soksi. Sawa, kipupwe cha mwezi wa sita hadi wa nane kofia nyepesi ya uzi wa pamba ina kazi yake alfajiri. Lakini kichwa cha mtoto hukua upesi: anazaliwa na mzunguko wa kama sentimita 35, akifika miezi sita ni kama 43. Ukifuma ya kumbana leo, mwezi ujao haimwingii. Na tafadhali, msiweke kamba za kufunga shingoni wala vifungo anavyoweza kuving'oa akavimeza. Mimi ningeshona mbeleko. Khanga au kitenge kizito kilichopigwa pindo pande zote kwa mshono wa mara mbili, mama atakitumia mpaka mtoto atembee, na akija mdogo wake kitaanza upya.

Shanga na bangili nazipita haraka. Ni nzuri kwa rafiki, ila tumia uzi imara, maana shanga zikimwagika kwenye daladala hakuna wa kukuokotea.

Baba zetu ndio wagumu. Kofia ya viua, ile inayotobolewa na kushonwa tundu moja moja kwa uzi, ni zawadi ambayo mzee wa pwani ataivaa Ijumaa na kwenye kila harusi, na wenziwe watamuuliza nani kaishona. Lakini ni kazi ya miezi kwa asiyeizoea. Usiianze Ramadhani ukitegemea Idi ya mwaka huo. Kama huna subira hiyo, mpindie shuka lake la kujifunga nyumbani. Atalitumia zaidi ya kofia.

Ushauri wangu mwingine: zawadi ya namna hii usiipeleke kwenye kitchen party ikatangazwa kwa kipaza sauti kati ya friji na seti za sufuria. Pale itaonekana kitambaa tu. Mpelekee mwenyewe nyumbani, aijaribu mbele yako, na uwe na pini mkobani, kwa kuwa bega likiwa limekaa vibaya utaliona hapo hapo.

Na ndani ya mshono wa ubavuni acha akiba. Nguo za dukani hubaniwa hapo. Wewe hakuna anayekubania. Mimi huacha sentimita 3 kila upande, namwonyesha mwenye nguo zilipo, na kumwambia: ukinenepa usiifiche kabatini, niletee niifumue.

Msomaji wenu, Temeke